Kambi ya Naivasha kwa anayepanda miamba na asiyepanda

Msomaji mmoja wa Nairobi ameuliza hivi: "Mimi napanda miamba. Mke wangu hapandi, na ameniambia wazi kwamba hataki kujifunza. Januari tunataka kukaa siku nne Naivasha ili mimi na rafiki yangu tupande Hell's Gate. Kambi gani ya kando ya ziwa iko karibu zaidi na miamba? Mke wangu anapenda ndege, vitabu na kutembea, kelele hazitaki. Tuna gari moja na hema letu wenyewe."

Ndugu yangu,

Kambi mchagulie mkeo. Naanza na hilo kwa sababu swali lako limepima kambi kwa umbali wake na jabali, na katika safari hii umbali ndio utakaokusumbua kidogo kuliko yote. Wewe utatoka alfajiri na kurudi jioni umechoka, vidole vimechubuka, na kambi kwako itakuwa mahali pa kula na kulala. Shemeji ndiye atakayeishi pale. Kivuli cha saa sita mchana, choo cha saa nane usiku, jirani aliyekuja na spika, uzio unaomtenganisha na kiboko: yote hayo ni yake, si yako. Pakimfaa yeye, wewe hutakosa chochote. Pakikufaa wewe peke yako, siku ya pili mtaanza kuzungumzia kurudi Nairobi.

Kuhusu umbali wenyewe, nikutoe wasiwasi. Ziwa haliko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate. Kambi za kusini mwa ziwa zimepangana kandokando ya barabara ya Moi South Lake, na kutoka barabara hiyo kuna njiapanda inayokwenda Elsa Gate, lango kuu la hifadhi, mwendo wa kilomita 2 hivi. Ukishaingia, Fischer's Tower iko karibu mbele yako, na ukuta mrefu ambao wapandaji huuita Main Wall haupo mbali na hapo. Kwa hiyo kambi yoyote iliyo jirani na njiapanda ile inakufikisha kwenye mwamba mapema kuliko wengi wanaotoka mjini Naivasha. Fisherman's Camp na Camp Carnelley's ni majirani katika eneo hilo. Zote mbili zina nyasi za kupigia hema chini ya migunga, na zote zina vyumba au mabanda kwa asiyetaka hema. Ukisonga mbele kidogo unafika Elsamere, nyumba aliyoishi Joy Adamson, mwandishi wa kitabu cha simba jike Elsa, ambayo sasa ni makumbusho na mahali pa kulala pia. Tofauti ya kilomita moja au mbili kati ya hizi isikunyime usingizi.

Jambo zito zaidi ni funguo za gari. Mmesema gari ni moja. Mpandaji akiondoka nalo saa kumi na mbili asubuhi, likakaa chini ya jabali kutwa nzima, aliyebaki hana pa kwenda isipokuwa ufukweni na mgahawani. Nimeona watu wazima wakikaa siku tatu ndani ya uzio mmoja kwa sababu hiyo tu, na mwenzao akashangaa kwa nini wamenuna. Gari abaki nalo yeye. Wewe na rafiki yako kodini baiskeli. Zinakodishwa pale njiapandani na langoni, na Hell's Gate ni moja ya hifadhi chache za Kenya ambamo mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli na kutembea kwa miguu. Kamba moja begini, vifaa vimegawanywa kati yenu wawili, mnafika. Nyati wapo, kwa hiyo msipite karibu nao wala msikatize vichakani kutafuta njia ya mkato, lakini barabara yenyewe ni pana na unaona mbali. Kama vifaa ni vingi mno, basi shemeji awapeleke asubuhi hadi langoni na kurudi na gari. Huu ndio mtihani wangu wa kwanza wa kambi: je, mpandaji anaweza kufika mwambani bila gari la familia? Kambi nzuri iliyo mbali, upande wa pili wa ziwa, inashindwa hapo.

Rafiki yako anaweza kukushawishi mlale ndani ya hifadhi, maana kuna maeneo ya kupiga hema yanayoitwa Naiburta na Endachata, juu ya magenge, na mandhari yake ni ya kupendeza kweli. Kwa wapandaji wawili ningewaambia nendeni. Kwa safari yenu, hapana. Pale hakuna ziwa, hakuna mgahawa, hakuna wa kuzungumza naye, na kila kitu mnajipelekea. Juu ya hayo kuna kiingilio: anayelala ndani anakilipa kwa siku zote, apande asipande. Anayelala ziwani anakilipa siku anayoingia hifadhini tu. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, si kwa pesa taslimu langoni, hivyo fanya hilo usiku uliotangulia wakati simu ina chaji na mtandao.

Sasa ufuko wenyewe, na hapa tafadhali soma polepole, kwa sababu Naivasha ya leo si ile ya picha za zamani. Tangu mwishoni mwa 2019 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana, na Naivasha imo. Mtaa wa Kihoto, mjini, umefurika mara kadhaa na watu wakahama nyumba zao. Kambi nazo zilipoteza ardhi: palipokuwa na nyasi pakawa maji, na migunga iliyozama mizizi ikafa ikiwa wima. Ndiyo maana picha ya mtandaoni yenye hema mita chache kutoka majini haikuambii lolote kuhusu Januari yako. Piga simu uulize maswali mahususi. Maji yako wapi wiki hii? Sehemu ya mahema imebaki kiasi gani? Uzio umehamishwa? Mtu anayekaa pale atakujibu mara moja; anayebabaika, huenda yuko ofisini Nairobi.

Uzio ni kwa ajili ya viboko. Mchana wanakaa majini, usiku wanapanda nchi kavu kula nyasi, na nyasi nzuri kuliko zote ni zile zinazomwagiliwa maji kambini. Kambi zinazojali huweka uzio wa umeme kati ya mahema na ziwa na kuuwasha jioni. Uliza unawashwa saa ngapi na kama una nguvu hata umeme wa kawaida ukipotea. Hema lenu liwe upande wa ndani, si mgongoni mwa waya. Kisha, kuhusu kiboko, shikeni kanuni moja isiyo na msamaha: usiwe kamwe kati yake na maji. Yeye akishtuka hukimbilia majini, na aliyesimama njiani hupitiwa. Mwaka 2018 mtalii aliuawa na kiboko papa hapa Naivasha, na wavuvi wanajeruhiwa na kufa mara kwa mara bila habari zao kufika mbali. Shemeji anapenda kutembea. Matembezi ya ufukweni nje ya uzio yafanywe mchana, mahali palipo wazi, na pamoja na mtu wa pale. Giza likianza, abaki ndani. Kuogelea ziwani kusahauni kabisa.

Mkichagua mahali pa hema, inueni macho kabla ya kutazama chini. Mgunga una kivuli kizuri, lakini matawi yake makavu hukatika bila onyo, na mti uliokufa kwa mafuriko ni hatari zaidi. Tafuteni mti hai, hema liwe pembeni ya mwavuli wake, upande ambao kivuli kitafika kuanzia saa sita hadi saa kumi. Kivuli cha asubuhi hakina faida Naivasha. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni wa baridi, hata Januari, na jua la asubuhi linahitajiwa. Lakini jua la mchana kwenye mwinuko huo huchoma ngozi huku upepo ukikudanganya kwamba kuna ubaridi. Anayekaa kusoma kitabu saa tano mfululizo anahitaji kivuli, kiti chenye mgongo na meza. Beba kiti na meza. Magunia ya kulalia yawe ya baridi, na godoro lake liwe nene kuliko lako. Nasema hivyo kwa moyo wote: mpandaji amezoea kulala popote, na mara nyingi anasahau kwamba mazoea hayo hayamo katika ndoa.

Kama hema lenyewe linamchosha, chukueni banda. Wapandaji wengi huona aibu kulipia banda wakati wana hema garini. Fedha hiyo ni ndogo ukilinganisha na siku nne za mwenzako kulala vibaya.

Maji ya kunywa njooni nayo kutoka dukani, ya kutosha. Maji ya visima vya eneo hili yana floridi nyingi, jambo la kawaida katika Bonde la Ufa, na kuyachemsha hakuyaondoi madini hayo. Kuogea na kuoshea vyombo hayana shida.

Kelele. Hili ulilitaja mwishoni, nami ningeliweka karibu na juu. Naivasha ni saa mbili kutoka Nairobi, kilomita 90 hivi, na kwa hiyo Ijumaa usiku na Jumamosi nusu ya jiji huhamia huko na muziki wake. Kambi ileile ambayo Jumatano unasikia ndege tu, Jumamosi ina kundi la watu thelathini wanaocheza hadi alfajiri. Kambi si mbaya kwa hilo. Kuna watu wanaifuata furaha hiyo na wana haki nayo. Lakini nyinyi si hao. Dawa yake ni siku, kuliko kambi. Njooni Jumapili alasiri mkaondoke Alhamisi. Barabarani mtapishana na msururu wa magari yanayorudi Nairobi, nyinyi mkienda upande ulio mwepesi, na mkifika nyasi zimebaki tupu mchague mpendapo. Kama kazi haziruhusu ila wikendi, ulizeni kambi ina baa ya nje au la, muziki huzimwa saa ngapi, na kama kuna sehemu ya mahema ya familia iliyo mbali na baa. Halafu Januari mko salama, lakini kwa safari nyingine jueni kwamba mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyorudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, yana kitovu chake Naivasha, na miaka ya karibuni yamefanyika Machi. Wiki hiyo hakuna kambi tulivu kusini mwa ziwa, na bei hupaa.

Tuje kwenye siku za shemeji, maana kambi nzuri ni ile ambayo mlango wake unafungukia mambo yake. Ziwa Naivasha liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani tangu 1995, na kwa mpenda ndege hakuna haja ya kwenda mbali: furukombe hulia juu ya migunga tangu alfajiri, minandi wamejaa kwenye miti iliyokufa majini, wadiria, mwari, korongo wa kila aina kwenye mafunjo. Safari ya boti aifanye asubuhi. Mchana upepo huinuka, ziwa linakuwa na mawimbi makali, na boti ndogo hurusha maji hadi kwenye darubini. Mapema maji yametulia na ndege wako kazini. Avae jaketi la kuokolea, alifunge, na akatae boti isiyonalo, hata nahodha akicheka. Wapatane bei na muda kabla ya kupanda.

Crescent Island ningempa nusu siku nzima. Ni ukingo wa kreta iliyozama, hifadhi ya binafsi ambamo mtu hutembea kwa miguu kati ya twiga, pundamilia na swala, bila simba wala tembo wa kumtia hofu. Viboko wapo kingoni, hivyo kanuni ya juu inabaki. Kwa anayependa kutembea peke yake na mawazo yake, sijui mahali pengine karibu na Nairobi panapompa nafasi hiyo kwa usalama kiasi hicho. Elsamere ni ya alasiri: chai kwenye nyasi, mbega mitini, makumbusho madogo. Na zote hizi anafika kwa gari alilobaki nalo. Unaona kwa nini niliweka funguo juu?

Kuna sehemu moja ambayo asiende peke yake, wala msimpeleke kwa kuwa mmechoka kupanda: korongo la Ol Njorowa, lile jembamba lenye kuta zilizochongwa na maji, ndani ya hifadhi. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwakuta watalii mle ndani na watu saba wakafa, na 2012 vijana walikuwa wamekwisha kufa katika korongo hilohilo kwa namna ileile. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu yenu kukawa na jua, na maji yakaja. Ulizeni langoni kama linaruhusiwa siku hiyo, nendeni na kiongozi wa hifadhi, na mkiona mawingu mazito upande wowote, acheni. Januari huwa kavu kuliko Aprili au Novemba, lakini ukavu si hakikisho.

Je, aje mwambani hata mara moja? Aje kama anataka, siku moja, nami ningechagua siku ya Fischer's Tower. Ni mnara wa mawe wa mita 25 hivi, uliopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa 1883. Unaanza karibu na barabara, pimbi wamejaa chini yake, na mtazamaji anakuona vizuri kutoka mwanzo hadi juu kwa muda mfupi. Kisha anaweza kuchukua baiskeli na kuendelea mbele kuwatazama pundamilia na swala huku nyinyi mkirudia njia nyingine. Main Wall ni jambo tofauti. Njia zake ni ndefu, mwamba ni wa volkano wenye nyufa za wima, vifaa vya kukuzuia usianguke unavichomeka mwenyewe kwenye nyufa, na kuna mawe yanayolegea. Anayekaa chini ya ukuta huo anakaa mahali pa hatari kwa saa nyingi, hakuoni wewe uliko, na kila jiwe likianguka moyo wake unaruka. Usimkalishe pale. Wala usimgeuze mshika kamba, yule anayekulinda kutoka chini usianguke, kwa sababu rafiki yako amepata udhuru dakika ya mwisho. Kushika kamba kunataka mazoezi na utashi. Aliyekuambia wazi kwamba hataki kujifunza amekujibu hilo pia. Rafiki asipokuja, siku hiyo tembeeni wote wawili.

Na wewe na rafiki yako, jiandikisheni langoni, semeni mnapanda wapi, vaeni kofia ngumu, na muulize askari wa hifadhi kuhusu tumbusi. Magenge haya ni makazi yao ya kuzalia, na wamepungua vibaya. Ukikuta viota karibu na njia uliyoikusudia, chagua nyingine. Nyuki nao hukaa kwenye nyufa. Malango hufungwa saa kumi na mbili jioni na giza hufuata haraka, kwa hiyo mpangilieni saa ya kushuka, si saa ya kumaliza njia. Mimi husema saa tisa na nusu wote wako chini. Mpe shemeji saa mahususi ya kukutarajia, kwa mfano saa kumi na moja jioni. Ikipita bila simu, asianze kukutafuta kwa gari. Apige simu langoni, namba iwe tayari kwenye simu yake tangu asubuhi. Mtu akiwa na saa na namba, anasoma kitabu chake kwa amani. Akiwa na "nitarudi jioni jioni" tu, kuanzia saa tisa anatazama barabara.

Siku moja kati ya nne iwe yenu wawili, na ningeiweka ya tatu, wakati vidole vyako vinahitaji kupumzika hata hivyo. Mnaweza kupanda Mlima Longonot, kreta yenye kilele cha mita 2,776, matembezi ambayo hayahitaji kamba wala ujuzi, na huko huenda yeye ndiye atakayekuacha nyuma. Mkitaka wepesi zaidi, ndani ya Hell's Gate kuna bwawa la maji ya moto la Olkaria, linalotokana na mvuke uleule unaozalisha umeme huko tangu 1981. Misuli yako italishukuru bwawa hilo, na kwa siku hiyo kiingilio mtakilipa wote na mkitumie kikamilifu: asubuhi baiskeli, alasiri maji ya moto.

Kwa ufupi wa vitendo: pigia simu kambi mbili zilizo karibu na njiapanda ya Elsa Gate, uliza maji, uzio, baa na kivuli, kisha mpe yeye majibu yote mawili achague. Mkifika Jumapili jioni lipeni usiku mmoja tu. Jumatatu asubuhi, kabla hujafunga kamba kwenye baiskeli, muulize amelalaje. Akisema hapafai, hamisheni hema kwa jirani saa hiyohiyo. Mwamba mnaweza kuuanza saa nne.